Mkasi wa Oktoba

Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Makocha wa ligi ya vyuo wamepiga kura zao za kubashiri msimu: timu kumi na mbili za mpira wa kikapu, na timu ya chumba hicho imewekwa ya kumi na mbili.

"Bahati yetu hakuna nafasi ya kumi na tatu," mchezaji mmoja akatania.

Wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kukubali kushindwa. Hicho ndicho kilichomchoma nahodha wao, Tierney.

Akachukua mkasi wa bandeji, akaingia uwanjani na kuburuta ngazi ya fundi wa taa mpaka chini ya kikapu. Akapanda hadi kwenye wavu, goti lake lililofanyiwa upasuaji likimuuma kila alipokanyaga.

"We, shuka!" kocha alifoka. "Wavu hukatwa na bingwa, tena mwezi wa tatu msimu ukiisha, si Oktoba!"

"Najua, Kocha. Humu ndani nani amewahi kuukata?"

Kocha mwenyewe alikuwa amefundisha pale miaka kumi na tisa bila ubingwa.

"Sasa siku hiyo tutaukataje bila mazoezi, kwa meno?" Tierney akauliza.

Uzi wa wavu ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani. Ikambidi aubane mkasi kwa mikono yote miwili, mpaka uzi mmoja ukakatika.

Akashuka, akampa mkasi yule mtani. "Haya, zamu yako. Na usitetemeke, utatuaibisha mbele za watu."

Kocha akasogea, akaishika ngazi isiteleze.

"Msiumalize," alisema. "Uzi wa mwisho ni wa kocha."