Mkono wa Mchora Hina

Mkono wa Bi Shumbana, mchora hina, ulikuwa umetulia pajani. Lakini kila kijiti kilipokaribia kiganja cha bibi harusi Saumu, mtoto wa kaka yake, uliyumba kama mlevi, ua likaishia kwenye kifundo cha mkono.

"Daktari anasema ugonjwa uko kisogoni, kwenye ubongo mdogo," alilalamika. "Kisogo na mkono wapi na wapi?"

Vigelegele vilikatika. Mwanamke mmoja akataja jini.

Saumu hakuifuta hina iliyopotoka. "Shangazi, egemeza mkono gotini kwako. Usiusogeze."

Kijiti kikasimama wima. Saumu akakiinamishia kiganja chake mwenyewe, akaanza kuzungusha kiganja taratibu juu ya ncha ya kijiti.

Bi Shumbana akakodoa macho, asijue ni nani kati yao anayechora.