Paka wa Viatu Vitatu

Bomba la nyumbani kwa Mwanasiti, kama mabomba yote ya mji ule, halikufunguka kwa mkono. Lilifunguka kwa shairi jipya la mtoto ambaye bado hajang'oka jino. Shairi la jana halikutoa hata tone.

Asubuhi hiyo ndoo zote zilikuwa kavu. Mwanasiti alimketisha bintiye Rukia, mwenye miaka sita, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mbele ya bomba.

"Haya, sema nami. Ewe bomba la hisani, tupe maji ya nyumbani."

Rukia akasema. Bomba kimya.

"Mama, linajua shairi hilo ni lako."

Rukia akamtazama paka wao aliyejinyoosha kizingitini, macho yakamcheka.

"Paka kavaa viatu,
kwenye miguu mitatu,
wa nne kafunga kanga,
kaenda kula karanga!"

Bomba likatikisika kama mtu aliyebanwa na kicheko, maji yakafumka. Yakajaza ndoo, yakajaza masufuria, yakafurika uani hadi majirani wakaja mbio na madumu.

"Subhanallah!" Mwanasiti alisimama mikono kichwani. Yote haya kwa upuuzi wa paka! "Umeyatoa wapi maneno hayo, mwanangu?"

"Yamekuja tu." Rukia akacheka, kisha akatia kidole kinywani. "Mama, hili jino linacheza."

Mwanasiti akaudaka ule mkono mdogo, akaukumbatia kifuani.

"Usiliguse, mama," alinong'ona, huku akitafuta kwa macho chombo kingine kilichobaki kitupu. "Usiliguse kabisa."