Kisu Kilichokatika

Kisu cha nne nacho kilikataa kuvunjika. Muuza vifaa alikibana kwenye jiliwa, akaukandamiza mpini kwa uzito wake wote, na yeye si mwembamba. Kilipinda kidogo, kikarudi palepale. Akakitupa mfukoni pamoja na wenzake, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa dada yake mdogo.

Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya shemeji.

Shemeji alikuwa mfunga mizigo kwenye winchi, huko wanakojenga maghorofa. Kazi ile hakuna anayeifanya bila kisu cha kukunja mfukoni, maana kamba ikikunasa, winchi haina masikio. Ukichelewa kuikata, inapanda na wewe. Miaka nenda miaka rudi alitumia visu vya wachuuzi, vile ambavyo pini ikilegea vinajikunja vyenyewe juu ya vidole vya mwenye kisu. Plasta hazikumwisha mkononi.

Muuza vifaa ndiye aliyemshawishi mdogo wake, fundi cherehani, amnunulie mumewe kile cha bei. Dada alishtuka. Pesa ile ingenunua visu kumi vya barabarani, na kamba ya kukata ni ileile. Kaka akamjibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akamwonyesha kufuli ya chuma inayozuia kisu kisijikunje, akatania kwamba kisu hicho kitamzika mwenye nacho.

Fundi alishona sare za shule muhula mzima mpaka pesa ikatimia. Akamleta mumewe dukani, akamkabidhi kisu mbele ya kaka yake, mpini umefungwa uzi mwekundu wa cherehani.

"Hiki si cha kuchezea," alimwambia. "Ole wako ukikipoteza."

Mume akacheka, akasema atakitunza kama mboni ya jicho lake. Alikuwa mtu wa kutunza kweli. Mashati yake mapya yalikaa kwenye nailoni mpaka yakaanza kumbana, na ukimuuliza, anakujibu akiba haiozi.

Haikupita hata miezi mingi, kamba ikamnasa mguu. Wenzake wote walisimulia jambo moja: alichomoa kisu, akakata mara ya kwanza, kisu kikakatika kwenye mpini. Vipande vikaangukia zege bichi, vikazama. Winchi ikampandisha. Hakushuka akiwa hai.

Sasa mdogo wake alimfungulia mlango, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kaka akavimwaga visu mezani, akaeleza kwamba ni vya katoni ileile, kwamba amevibana na kuvikandamiza kimoja kimoja na hakuna kilichokatika.

"Hivi havikuwa mfukoni mwa mume wangu," akasema dada.

Akamkumbusha kwamba hata baada ya kisu chake hicho cha bei, marehemu aliendelea kurudi na plasta vidoleni. Yeye alidhani ni ukali mpya, mkono haujauzoea. Muuza vifaa akakunja uso. Kisu chenye kufuli hakijikunji juu ya vidole. Alitaka kusema hivyo, akaona aibu kubishana na mjane ndani ya nyumba yake.

"Kaka, sikudai hata senti," dada akaendelea, taratibu. "Nataka neno moja tu. Sema kilikuwa kibovu. Nitalia, nitakusamehe, utakuwa kaka yangu tena. Lakini ukishikilia kwamba kilikuwa kizima, basi kosa ni la nani? La mikono yake?"

Alitamani kulisema. Alimpenda huyu kuliko duka na vyote vilivyomo. Wazazi walipoondoka, ni yeye aliyemlea, akamsuka nywele kwa vidole vyake vizito mpaka mtaa mzima ukacheka. Lakini maisha yake yote hakuwahi kuuza kibovu kwa kujua.

"Siwezi kusema nisilolijua, mdogo wangu."

Dada akafuta macho kwa kiganja. Akasema haya, anywe basi chai kabla hajaondoka, watu wasije wakasema alimtoa kaka yake na kiu. Vikombe vya kila siku vilikuwa vimelala bila kuoshwa, akamwambia achukue vile vya wageni kabatini, pamoja na birika la kauri.

"Vitoe tu," akasema akielekea jikoni. "Nimevitunza miaka yote hii. Sasa namtunzia nani?"

Kabati lilikuwa ukumbini. Muuza vifaa alitoa vikombe viwili, akanyoosha mkono nyuma kulitoa birika ambalo halikuwahi kuonja chai. Kitu kikagonga ndani yake. Akainua kifuniko.

Palikuwa na kitambaa laini, kimelowa mafuta ya cherehani. Akakifungua. Kisu kiling'aa kama siku kilipotoka dukani, hakina mkwaruzo, na uzi mwekundu haujachujuka. Ole wako ukikipoteza. Aliyasikia maneno yale upya, kwa sauti ileile ya utani.

Dada akauliza kutoka jikoni kama ameviona.

"Nimeviona."

Akakifunga kisu ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni, akakisukuma mpaka chini kabisa. Akabeba birika na vikombe, akaviweka mbele ya mdogo wake, akapiga magoti.

"Kilikuwa kibovu," akasema. "Nisamehe."