Boriti ya Juu ya Kitanda

Siku ya arobaini ya eda ya mumewe, wakati haruhusiwi kuvuka hata kizingiti, Mwanakheri alisikia mafundi wakitembea juu ya bati lake. Shemeji yake Machano ndiye aliyewaleta wafunge paneli za sola, wala hakumwuliza.

"Shemeji," aliita nyuma ya mlango uliofungwa, "boriti ya huku imeliwa na mchwa. Marehemu hakuthubutu kuikanyaga."

"Wewe kaa eda yako, shemeji," Machano alijibu kutoka uani. "Paa lina wenyewe."

Nyayo zikasogea hadi juu ya kitanda alichokalia. Boriti ikalia, na unga wa mbao ukamwagikia nguo yake nyeupe. Mwanakheri akachukua mpini wa ufagio, akagonga bati mara tatu. Nyayo zikasimama.

"Mzee, kuna mtu anagonga ndani," fundi alisema.

"Panya hao. Toboa tu."

Keekee ikaunguruma, bati likatoboka, na uzi wa jua ukashuka ukatua mapajani mwake. Mwanakheri aliutazama kwa muda. Kisha akavuta beseni la kuogea akaliweka chini ya mwanga ule, ingawa masika yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja kuanza, na yeye alikuwa amebakiza mitatu kutoka.