Askari Waliotoweka Kichuguuni

Kichuguu kimoja kilianza kupungukiwa na askari. Malkia wa mchwa alipouliza sababu, jemadari wake, mwepesi wa hasira, alidakia: "Wametoroka, Mama. Nitawafungia waliobaki, wasije wakatoroka nao."

Mlezi wa mayai akasema taratibu, "Huenda wamekufa vitani, jemadari. Huenda ni njaa, au tunaumana wenyewe kwa wenyewe. Tuchunguze kwanza."

"Mwoga ni mwoga tu!" akafoka jemadari, akawafungia.

Mlezi alizunguka siku kadhaa, chumba hadi chumba, mpaka akafika kwenye mayai ya askari, ambayo hayakuwa chini ya ulezi wake. Yalikuwa meusi, yananuka dawa ya ukungu ambayo jemadari mwenyewe aliamuru imwagwe humo. Akarudi mbio.

"Hakuna aliyetoroka! Wapya hawakuzaliwa. Dawa yako imewamaliza."

Jemadari akakimbia kuwafungulia wale waliobaki. Aliwakuta chali, wamekufa. Askari wa mchwa ana taya kubwa mno, hawezi kujilisha. Hulishwa mdomoni, na humo ndani hakuwaachia wa kuwalisha.

Jioni siafu walifika. Mlangoni hapakuwa na hata wa kuwauliza wanakwenda wapi.