Zima Injini

Ngumi ya kwanza ilimkuta fundi kwenye jicho la kushoto, mlango wa gari ukiwa bado haujafungwa. Ya pili ikatua mbavuni.

"Hapo hapo," alisema Bonge kutoka kwenye usukani. "Sasa mdomo."

Mrefu, aliyekaa na fundi kiti cha nyuma, akampasua mdomo. Alipiga kwa mpangilio, kama mtu anayefuata maelekezo.

"Bado mkono wa kulia," alisema Mrefu.

"Huo baadaye."

Walikuwa wamemkamata kwenye geti la gereji, mchana kweupe, mvua ikinyesha, wakamfunga kamba mikononi. Fundi aliogopa, tena sana. Lakini ujuzi wa umeme wa magari haumtoki mtu kwa ngumi tatu. Gari lilipowashwa alisikia starta ikikoroma kwa uvivu kabla injini haijashika, na saa ya redio ikarudi sufuri. Sasa kila waliposimama kwenye foleni, taa za dashibodi zilififia na waipa zikajikokota. Bonge akikanyaga mafuta, zinapata uhai. Betri ilikuwa inachungulia kaburi. Gari hilo likizimwa, haliwaki tena.

"Nina mke nyumbani," alisema, damu ikimtoka. "Yuko peke yake."

"Tunajua."

Jibu hilo lilimtia fundi wazimu. Alitaka kitu kimoja tu: kufika nyumbani kwa mkewe, leo hii.

"Nasikia harufu ya petroli," alisema. "Zima injini, utatuchoma wote!"

Bonge akanusa. Mtu akishaambiwa kuna harufu, huisikia. Akaegesha kando ya ukuta wa kiwanda, akazima, akashuka kuchungulia chini ya gari. Hakuona kitu. Akarudi, akageuza ufunguo. Tik. Tik-tik-tik.

"Wewe si fundi? Shuka uliwashe!"

"Niliwashe kwa pua?"

Wakamfungua kamba. Boneti ikapanda, naye akaomba spana ya kulegeza vichwa vya betri, vilivyokuwa vimeota ukungu mweupe. Mrefu akampa, mjinga wa kutupwa. Fundi akamshindilia nayo gotini, mfupa ukalia, Mrefu akaenda chini kwenye tope. Bonge alikuwa ameshika ukingo wa injini. Fundi akaibamiza boneti juu ya vidole vyake, kisha akailalia kwa uzito wake wote, mpaka yowe likajaa mtaa.

Akatoka nduki. Nyuma yake alimsikia Bonge akimlilia mwenzake, "Mpigie simu! Mwambie atoke sasa hivi!"

Aliposikia hivyo akaongeza mbio. Alikata vichochoro, akateleza, akainuka, mbavu zikimchoma kila alipovuta pumzi. Muuza ndizi mmoja alishika mdomo kwa huruma. "Pole, baba! Nani kakufanyia unyama huu?"

Hakusimama kujibu. Alimwona mkewe kwa mbali, mlangoni, jicho la kushoto limevimba, mdomo umepasuka, mkono wa kulia kwenye plasta, begi begani, simu ikiita katika mkono mzima. Akafika kabla mke hajavuka kizingiti, akamrudisha ndani, akafunga komeo.

"Kaka zako wanakusalimu," alisema, akaanza kuvua mkanda.