Malkia wa Alfajiri

Haya, tegua hiki nikuone: tundu langu liko ukutani, wawili wanaligombea mchana kutwa, kila mmoja ananywesha ng'ombe wake hapo, na ng'ombe hashibi. Ukishindwa sikudai mji, mjukuu wangu. Kaa tu, utakiona chenyewe.

"Toa simu yako, zamu yangu imefika," alisema Jongoo kutoka kitanda cha juu.

"Bado dakika kumi."

"Ulisema hivyo dakika kumi zilizopita, Daktari."

Basi ndiyo hivyo. Chumba cha bweni, kitanda cha ghorofa, meza moja dirishani, na soketi moja tu ya kuchajia. Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanasomea kutibu meno. Wa kitanda cha chini aliitwa Daktari, jina alilopewa na mama yake, mpiga pasi, siku ile barua ya chuo ilipofika. Mama akamtangazia kila mteja aliyeleta shati. Wa juu aliitwa Jongoo, kwa kuwa mchana kutwa ungemkuta amejikunja analala, hata darasani.

Mwanzo wa muhula Daktari alitaka kuonyesha ufundi wa kwao. Akampigia Jongoo foronya yake nyeupe pasi, jicho moja kwenye nguo, jingine kwenye simu. Foronya ikaungua pembeni, alama ya kahawia.

"Mtoto wa mpiga pasi huyo," Jongoo akacheka, akaivalisha mto wake vivyo hivyo.

Daktari hakumwonea wivu Jongoo. Nani amwonee wivu jongoo? Wivu wake alimwekea mwingine, wa ndani ya simu, aliyejiita Malkia wa Alfajiri.

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, Malkia aliweka picha. Kitambaa cheupe pe kimeijaza picha nzima, juu yake kitabu kimefunguliwa, ua jekundu ndani ya glasi, na kikombe kinachofuka mvuke, daima pembe ya kulia kabisa. Uso hakuuonyesha, mkono tu, kucha safi. Chini aliandika: "Saa kumi na moja niko macho, sura nzima nimeshaimaliza. Na wewe je?" Watu elfu arobaini wakimmwagia kopa, vile vimoyo vyekundu vya kupenda.

Na Daktari je? Yeye picha hiyo aliikuta saa tatu, macho mekundu, somo la kwanza limeshampita. Angefungua kitabu, asome ukurasa mmoja, kisha achungulie kidogo tu Malkia amejibiwa nini. Kidogo hicho kikala asubuhi, kikala na mchana. Aliukuza ule mkono kwa vidole viwili akitafuta angalau kovu. Roho ilimuuma kama jino bovu: unajua linauma, na ulimi hauachi kwenda pale pale. Hata chai yake siku hizi aliiweka pembe ya kulia ya meza, bila kujijua.

Siku moja wivu ulimjaa hadi kooni, akamwandikia kwa jina la bandia: "Dada Malkia, chumba chako kina soketi ngapi, mbona simu yako haizimi?" Alitaka kumchoma kidogo. Aliona wenye vyumba vya peke yao wana soketi kila ukuta.

Siku zikapita. Kimya.

Kwenye mtihani Daktari akaanguka. Akapewa wa marudio, na ukianguka huo unafunga mizigo, unarudi kwenu. Mama akapiga simu, hana habari ya lolote. "Daktari wangu, yule mwenye shati la mistari nimemwambia gego lake asiling'oe popote, akusubiri wewe."

Daktari akaapa kuizima simu wiki nzima. Ikawaka tena baada ya saa mbili.

Ijumaa asubuhi karatasi ya matokeo ya marudio ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Chini ya mstari mwekundu, kwa walioanguka, kulikuwa na majina mawili, yanafuatana: lake na la Jongoo.

Walirudi chumbani. Jongoo alipanda kitandani, akageukia ukuta kwa kitambo, ndipo akashuka kufungasha. Daktari yeye aliketi juu ya sanduku lake. Alihitaji mtu wa kulia naye, na badala ya kumtazama aliyekuwa mbele yake, akafungua simu.

Malkia alikuwa ameandika muda huo huo: "Nimefaulu, wapenzi wangu. Siri ni kuamka mapema." Kopa zilikuwa zikimiminika.

Daktari akaizima. Akachomoa chaja yake ukutani, mara ya kwanza bila kusukumwa.

"Chomeka wewe."

"Leo umekuwaje?" aliuliza Jongoo.

"Nimemchoka yule Malkia. Mimi nakwenda kumtazama mama usoni, yeye anaogeshwa kopa. Nimemwuliza kitu kimoja tu, wiki ya tatu hii hajajibu."

"Kitu gani?"

"Chumba chake kina soketi ngapi."

Jongoo aliacha kukunja nguo. Akavua foronya kwenye mto wake, akaitandaza juu ya meza ya dirishani, akailaza vizuri kwa viganja. Akachukua kikombe chake, akakiweka pembe ya kulia kabisa, juu ya ile alama ya pasi, hata isionekane.

"Moja," alisema.